Buku la Mitaa ya London

Katika kabati langu la vitabu, rafu ya chini kabisa kwa sababu ya uzito wake, limo buku moja ambalo wajukuu zangu huliita kitabu cha nyuzi. Wakilifungua huona mistari myembamba imepinda, imekatana na kuzongana ukurasa hadi ukurasa, mfano wa kapu la fundi cherehani lililopinduliwa. Si kitabu cha nyuzi. Ni atlasi ya mitaa ya mji wa London na viunga vyake, kama ulivyokuwa mwaka 1888, zama za Malkia Victoria.

Nililinunua mwaka 2009, nilipokwenda kumtazama binti yangu aliyekuwa akifanya kazi ya uuguzi huko. Nilikuwa nimestaafu ualimu mkuu mwaka uliotangulia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na kengele ya kugonga asubuhi. Binti yangu alipokwenda kazini, mimi nilizunguka. Siku moja mvua ilinikimbiza ndani ya duka la vitabu vilivyotumika, na humo nikalikuta. Nakala yenyewe ilipigwa chapa mwaka 1987, lakini ramani zilizomo ni zile zile za 1888. Binti yangu aliponiona naingia nalo mlangoni nimelikumbatia, alisema, "Baba, hilo litakulipisha mizigo uwanja wa ndege." Kweli lilinilipisha. Sijuti.

Aliyezitoa ramani hizo kwanza aliitwa George Washington Bacon. Kama jina linavyoonyesha, alikuwa Mmarekani. Alihamia London akajaribu biashara hii na ile, akafilisika mwaka 1867, na miaka mitatu baadaye akasimama tena na kampuni yake ya ramani katika mtaa wa Strand. Hakuwa mpimaji ardhi. Alikuwa mfanyabiashara aliyeona kwamba watu wa mji ule walikuwa wamepotea ndani ya mji wao wenyewe, na kwamba watu waliopotea hununua ramani.

Hebu msomaji afikirie ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 1801 London ilikuwa na watu wapatao milioni moja. Ilipofika mwaka 1901, mji pamoja na viunga vyake ulikuwa na watu takriban milioni sita na nusu. Mitaa ilizaliwa kwa haraka kuliko majina. Kila mjenzi alitaka mtaa wake uitwe kwa jina la mfalme, la malkia au la mtoto wao, kwa hiyo palikuwa na King Street nyingi, Queen Street nyingi, na Victoria Street nyingi vile vile. Mtu wa posta aliyeshika barua ya King Street alikuwa na kazi ya kubahatisha. Ndiyo maana mnamo 1857 na 1858 mji uligawanywa katika wilaya za posta, na Halmashauri ya Ujenzi ya Jiji, iliyoundwa mwaka 1855, ikaanza kufuta majina yaliyojirudia na kuzipa nyumba namba kwa utaratibu.

Lakini si barua zilizoleta ramani kubwa ya mji. Ni kipindupindu. Katika mlipuko wa 1848 na 1849 ugonjwa huo uliua watu wapatao 14,000 mjini London. Wakati ule wengi waliamini kwamba unatokana na harufu mbaya, na harufu mbaya ilikuwapo ya kutosha, kwa maana kinyesi cha mji mzima kiliingia katika mto Thames. Mwaka 1848 ikaundwa tume ya mifereji ya maji machafu, na tume hiyo ikagundua kwamba haiwezi kuchimba mifereji katika mji ambao hakuna ajuaye wapi panainuka na wapi panashuka. Wakaitwa wanajeshi wapimaji. Walijenga jukwaa juu ya kuba la kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, juu hata ya msalaba wake, na kutoka kule juu wakaupima mji kwa pembe na kwa darubini.

Ramani waliyoitoa ilikuwa ya futi 5 kwa kila maili, maana yake karibu mita moja ya karatasi kwa kila kilomita ya ardhi. Hata hivyo, waliiita ramani ya mifupa, nayo ilistahili jina hilo. Ilionyesha barabara na kimo cha ardhi yake, lakini nyuma ya mstari wa nyumba zinazotazama barabara hapakuchorwa kitu. Palikuwa peupe. Kwa mchimba mifereji hilo halikuwa kosa, maana mfereji hupita barabarani. Lakini ajuaye London ya siku zile anajua kwamba nyuma ya nyumba ndiko walikojibana maskini, katika nyua na vichochoro vinavyoingiwa kwa mlango mwembamba mtu asioweza kupita na toroli. Kwa hiyo ramani hiyo ya mji mzima, iliyozaliwa na ugonjwa uliowaua maskini kuliko wengine, iliwaacha maskini katika weupe wa karatasi.

Baadaye weupe huo ulijazwa. Mwaka 1862 Edward Stanford, muuza ramani wa Charing Cross, alitoa ramani ya London na viunga vyake katika karatasi 24, kwa skeli ya inchi 6 kwa maili. Katika miaka ya 1860 na mwanzoni mwa miaka ya 1870, wapimaji wa serikali waliurudia mji wote kwa ile skeli ya futi 5, safari hii wakionyesha kila nyumba, kila ua, njia za bustani, hata nguzo za taa. Karatasi zake zilipita 300. Hiyo ilikuwa kazi ya ajabu, lakini nani angeweza kuitembeza mkononi? Hapo ndipo Bacon alipopata nafasi yake. Yeye aliuweka mji na viunga vyake katika buku moja, viunga vikiwa kwa skeli ya inchi 4 kwa maili, yaani kilomita moja katika sentimita 6 na kidogo, kila ukurasa ukiwa na miraba, na nyuma kukiwa na faharasa ya majina. Mtu wa kawaida aliweza kutafuta jina, kusoma herufi na namba ya mraba, na kuweka kidole juu ya mtaa. Nimefundisha jiografia ya darasa la tano kwa miaka mingi, nami najua furaha ya kidole kinachofika mahali pake.

Ukifuata kurasa kutoka katikati kwenda pembeni, unausoma mji kama mtu asomaye umri wa mti katika shina lake. Katikati mistari imebanana hata majina hayana pa kukaa. Kisha reli huingia, mistari minene myeusi inayopasua mitaa bila kuomba radhi. Kisha nyumba zinaachana, yanatokea mashamba na bustani, na barabara nyingine zinakatika ghafla uwandani kama sentensi ambayo mwandishi wake ameitwa nje.

Reli hizo nazo zina habari yake. Kampuni ya reli ya mashariki ilipotaka kuingia mjini hadi Liverpool Street, ilibomoa nyumba za watu maskini wengi. Bunge, katika sheria ya mwaka 1864, liliitaka kampuni hiyo iendeshe treni za alfajiri za wafanyakazi kutoka Walthamstow na Edmonton kwa nauli ya peni 2, kwenda na kurudi. Kwa sababu hiyo viunga vya kaskazini-mashariki vikajaa nyumba ndogo za safu kwa safu. Lakini peni 2 kila siku ni fedha kwa kibarua asiyejua kama kesho atapata kazi. Aliyekuwa na kazi ya kudumu alihamia kiungani. Asiyekuwa nayo alisogea tu mtaa wa pili, akapanga chumba palipokuwa tayari pamejaa.

Sasa nifikie sababu hasa ya mimi kulipenda na kuliogopa buku hili. Ramani za namna hii zilipokwisha kuwapo, alitokea mtu aliyeziuliza swali jipya. Huyo ni Charles Booth, mzaliwa wa Liverpool, tajiri wa meli. Mwaka 1886 alianza kuchunguza ni watu wangapi wa London walio maskini, na wanakaa wapi. Alichukua ramani ya Stanford na kuipaka rangi mtaa kwa mtaa. Njano ilikuwa ya matajiri. Nyekundu ilikuwa ya wenye maduka na nafasi nzuri. Waridi ilikuwa ya wanaojiweza kwa mshahara wa kawaida. Zambarau ilikuwa ya mchanganyiko. Buluu nyepesi ilikuwa ya maskini na buluu nzito ya maskini sana. Ya mwisho ilikuwa nyeusi, na maelezo yake yaliwataja wakazi kuwa watu waovu, karibu na wahalifu. Ramani ya kwanza ya upande wa mashariki ilitoka mwaka 1889, na nyingine, iliyosahihishwa, ikatoka mwishoni mwa miaka ya 1890. Jumla aliyoipata ni kwamba zaidi ya watu 30 katika kila 100 wa London walikuwa katika umaskini.

Je, tajiri wa meli alijuaje kilichomo nyuma ya kila mlango? Nilipolisoma jibu niliweka kitabu chini. Aliambiwa na watu wa shule. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilikuwa imeunda Bodi ya Shule ya London, na Bodi hiyo iliwalazimisha wazazi kuwapeleka watoto darasani. Iliajiri wakaguzi wa mahudhurio waliopita nyumba kwa nyumba na madaftari, wakiandika watoto wangapi, umri gani, baba anafanya kazi gani, kodi ya chumba ni kiasi gani. Wengine walikuwa wamezunguka mitaa ile ile kwa miaka. Booth na wasaidizi wake walikaa nao saa nyingi, wakawauliza nyumba baada ya nyumba. Nyumba isiyokuwa na mtoto wa shule ilikisiwa kwa kutazama zenye watoto. Kwa maneno mengine, ramani mashuhuri ya umaskini wa London ilipakwa rangi na madaftari ya utoro.

Tena tusisahau kwamba mkaguzi huyo hakuwa mgeni aliyependwa. Ada ya shule ilikuwa peni kadhaa kila wiki mpaka ilipoondolewa kwa wengi mwaka 1891. Mzazi ambaye mtoto wake hakufika aliweza kushtakiwa na kutozwa faini isiyozidi shilingi 5 pamoja na gharama. Mtoto wa kike aliyebaki nyumbani alikuwa mara nyingi analea wadogo zake ili mama akatafute chakula. Daftari lilikuwa na nafasi ya kuandika kwamba hakufika.

Hapa sina budi kusimulia habari yangu mwenyewe, ingawa si ya kujisifu.

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu mkuu kijana katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tanga. Sheria ya Elimu ya 1978 ilikuwa imefanya shule ya msingi kuwa ya lazima, na sisi walimu tuliipokea kwa moyo, maana tulikuwa tumeapa kwamba hakuna mtoto atakayeachwa. Nilichukua karatasi ya manila, nikachora kijiji chote, njia, visima na nyumba. Kisha nikatumia penseli za rangi. Kijani ilikuwa nyumba ambayo watoto wote wanafika. Njano, wanafika kwa kuruka. Nyekundu, mtoto ameandikishwa wala haonekani. Niliitundika ukutani ofisini. Wageni waliisifu. Siwezi kusema sikufurahi.

Viongozi wa kijiji nao waliisifu, wakaja na karatasi wakanakili nyumba nyekundu. Baada ya wiki mgambo walipita. Katika nyumba moja walichukua mbuzi wawili kuwa dhamana ya faini. Mama mwenye nyumba alikuwa kibarua wa kupalilia katika shamba la mkonge. Binti yake wa darasa la tatu alikuwa akibaki nyumbani kumlisha na kumgeuza bibi yake, ambaye hakuweza kuinuka kitandani. Mama yule alikuja ofisini kwangu mchana, akasimama mbele ya ramani bila kuketi. Hakujua kusoma, lakini nyumba yake aliitambua mara moja, karibu na mkorosho. Akaniuliza, "Mwalimu, rangi hii umeitia wewe?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Ulifika kwangu?"

Sikuwa nimefika. Habari zote nilizipata kwa viranja na katika daftari la mahudhurio. Nilijua mtoto hayupo darasani, nikadhani nimejua jambo. Nilikwenda kuwaomba viongozi warudishe mbuzi, mmoja alirudishwa. Kabla mwaka haujaisha familia ile ilihamia shamba jingine la mkonge, na yule bibi sijui alifia njiani au alifia huko. Katika daftari niliandika neno moja, "Amehama", kwa wino mzuri wa buluu.

Basi nilipokuwa London na buku langu, nilimwomba binti yangu siku yake ya mapumziko anipeleke mahali palipoitwa Old Nichol, mpakani mwa Shoreditch na Bethnal Green. Katika ramani ya Booth mahali hapo ndipo palipokuwa na weusi na buluu nzito kuliko karibu pote. Katika buku la 1888 unaona vijia vimebanana: Old Nichol Street, New Nichol Street, Half Nichol Street, kama kwamba hata majina yaligawanywa nusu kwa uhaba wa nafasi. Tulipofika hatukuvikuta, isipokuwa Old Nichol Street, ambayo jina lake lingalipo. Tulikuta uwanja wa mviringo ulioinuka kama kichuguu, una miti mikubwa na kibanda cha bendi juu yake, na barabara saba zinatoka hapo kila upande kama mionzi, zimezungukwa na majengo mazuri ya matofali mekundu. Paitwa Arnold Circus.

Serikali mpya ya mji, iliyoundwa mwaka 1889, iliamua kuubomoa mtaa ule mweusi na kujenga nyumba safi. Zilifunguliwa rasmi mwaka 1900 na mwana wa Malkia, aliyekuja kuwa mfalme mwaka uliofuata. Kichuguu kile kilijengwa kwa kifusi cha nyumba zilizobomolewa. Nyumba mpya zilikuwa bora kweli kweli, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini watu wapatao 5,700 waliokuwa wakikaa pale waliondolewa, na ni wachache sana kati yao walioweza kodi na masharti ya nyumba mpya. Waliobaki walikwenda mitaa ya jirani. Katika ramani ya Booth iliyosahihishwa weusi wa Old Nichol umeondoka. Ukiitazama bila kujua, utasema umaskini umeponywa. Umehama.

Tulikaa juu ya kichuguu kile, binti yangu na mimi. Nikamwambia habari ya yule mama wa mkonge, ambayo sikuwahi kumwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba hata hospitalini mambo ni hayo; jalada la mgonjwa humwambia mengi, lakini mpaka akae kitandani pake ndipo ajue kwa nini dawa hainyweki.

Je, niseme basi kwamba ramani ni mbaya? La, hasha. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka alama za vifo vya kipindupindu katika ramani ya mitaa iliyozunguka Broad Street, na alama zikalizunguka bomba moja la maji. Ramani ile iliwasaidia watu kuona kwamba ugonjwa unakuja kwa maji. Na Booth mwenyewe hakukomea kwenye rangi. Yeye na wasaidizi wake walijaza daftari zipatazo 450, ambazo zimehifadhiwa London mpaka leo na nyingi zinaweza kusomwa kwa intaneti. Na mwishoni mwa miaka ya 1890 walitembea mitaa pamoja na askari polisi ili kusahihisha kile walichoambiwa. Kazi ya watu hawa ilisaidia kuwafanya wakubwa wakubali kwamba maskini ni wengi, tena kwamba wengi wao wamefikishwa hapo na mshahara mdogo na ugonjwa, si uvivu. Ninachokisema ni kidogo kuliko hapo. Rangi huja upesi kuliko miguu. Na akishapatikana mwenye rangi, hakosekani mwenye mgambo.

Mwaka 2022, wakati wa kazi ya anwani za makazi iliyotangulia sensa, vijana wawili walifika kwangu na kibao cha namba. Walikuwa wepesi na wenye adabu, simu mkononi. Waliniamkia, wakaandika jina langu, wakapiga picha ya mlango, wakataka kuendelea na nyumba inayofuata barabarani.

Niliwauliza kama wameandika nyumba ya nyuma. Wakatazama simu zao. Ramani yao haikuonyesha njia. Nikawaambia iko, nyuma ya mgomba, haitazami barabara, na anakaa humo mwanamke mmoja na wajukuu wanne. Nikavaa kandambili, nikawatangulia.